Jeremiah Nyagah: Mwalimu Aliyerudi Darasani

Wahenga walituachia kauli kwamba elimu ni bahari. Kauli hiyo imerudiwa katika mahafali mengi hata ikaelekea kupoteza uzito. Makala haya yanakusudia kuurejesha uzito huo kwa kuangalia maisha ya marehemu Mzee Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah wa Embu. Wengi humkumbuka kama waziri. Hata hivyo, kabla ya uwaziri alikuwa mwanafunzi, kisha mwalimu, kisha mwanafunzi tena.

Nyagah alizaliwa tarehe 24 Novemba 1920. Utotoni mwake, elimu ya kisasa katika sehemu hizo ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Waanglikana walikuwa wamefungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Kule Meru, Wamethodisti na Wakatoliki nao walikuwa na shule zao. Waliovuka ngazi za mwanzo walikuwa wachache mno. Nyagah alikuwa mmojawapo. Mwishoni mwa mwongo wa 1930 alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance kule Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926, na baadaye akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Wakati huo Makerere haikuwa ikitoa shahada. Mwafrika aliyefika huko alitunukiwa stashahada, na kwa macho ya jamii yake huo ndio uliokuwa upeo wa elimu.

Nyagah hakuuona kuwa upeo. Alirejea nyumbani akafundisha kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 1952, akiwa amepita umri wa miaka 30, mwenye mke na heshima ya ualimu, alisafiri hadi Oxford, Uingereza, akaketi tena mbele ya walimu kwa takriban miaka miwili. Kwa mtu aliyezoea kushika chaki, kurudi kushika kalamu ya mwanafunzi kwahitaji unyenyekevu.

Miaka hiyo haikuwa ya kawaida. Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Shule za kujitegemea zilizoanzishwa na Waafrika zilifungwa, na wakulima wengi wa Embu na Meru wakahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyolindwa. Hivyo, wakati mwana mmoja wa Embu alipokuwa akifunguliwa milango ya Oxford, watoto wengi wa majirani zake walikuwa wakifungiwa milango ya madarasa yao. Msomaji wa maisha haya hana budi kuuona ukinzani huo.

Ukinzani huo ulijitokeza hata katika siasa. Katika uchaguzi wa kwanza wa wawakilishi Waafrika, mwaka 1957, Bernard Mate wa Meru, naye mwalimu, alimshinda Eliud Mathu katika Mkoa wa Kati. Mwaka uliofuata viti viliongezwa, naye Nyagah akachaguliwa kuwakilisha Nyeri na Embu. Haki ya kupiga kura ilipimwa kwa vigezo kama vile elimu, mapato na mali, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupata hadi kura 3. Juu ya hayo, Mwembu, Mmeru au Mgikuyu alitakiwa kuwa na cheti cha utiifu. Basi elimu ilikuwa deni: aliyesoma alisemea umma ambao sehemu yake kubwa haikuruhusiwa hata kupiga kura.

Je, deni hilo lililipwa? Mwaka 1966 Nyagah aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu, wadhifa alioushika hadi 1968, mwaka ambao Sheria ya Elimu iliziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa umma. Mlango uliokuwa wa wamisionari ukawa wa taifa. Baadaye, kwa sehemu kubwa ya mwongo wa 1970, aliongoza Wizara ya Kilimo. Huko pia hakuwa mbali na ufundishaji. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo sehemu ambako Waafrika waliruhusiwa kwanza kupanda kahawa kwa majaribio katika mwongo wa 1930. Mkulima aliyejifunza kupogoa mibuni utu uzimani alikuwa mwanafunzi pia, na mibuni hiyo ndiyo iliyolipa karo za watoto wengi.

Nyagah alistaafu siasa kwa hiari mwaka 1992, akiwa mbunge wa Gachoka, akafariki tarehe 10 Aprili 2008. Wanawe Joseph na Norman waliingia bungeni, naye binti yake Mary Khimulu akawa mwakilishi wa Kenya katika UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu. Yaelekea mtoto hujifunza zaidi anapomwona mzazi akisoma kuliko anapoambiwa asome.

Sisi tulio vyuoni twapenda kuhesabu miaka iliyosalia kabla ya kuhitimu. Maisha ya Mzee Nyagah yanatukumbusha hesabu nyingine: ni wangapi waliobaki nje ya mlango tuliopitia, na tutawafanyia nini?