Heinrich Hertz: Msomi aliyenasa mawimbi yasiyoonekana

MIAKA ya hivi karibuni vimeingia sokoni vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye simu za kisasa ili kupima nguvu za sumakuumeme zilizomo nyumbani. Mwenye nyumba hukipitisha kifaa hicho karibu na jokofu, soketi ya ukutani, mita ya umeme au kisanduku cha wifi, kisha akasoma tarakimu kwenye kioo cha simu. Miongoni mwa vipimo anavyokutana navyo ni hertz, kinachoonyesha idadi ya mitikisiko inayotokea katika kila sekunde moja. Umeme wa majumbani nchini Kenya hutikisika kwa hertz 50, ilhali stesheni za redio za FM huhesabiwa kwa mamilioni ya hertz.

Wengi wanaolitumia neno hilo hawana habari kwamba ni jina la ukoo la mtu aliyefariki akiwa na umri wa miaka 36 tu, bila kumiliki redio, kwa kuwa redio haikuwapo. Mtu huyo, Heinrich Rudolf Hertz, ndiye aliyetengeneza kifaa cha kwanza kilichothibitisha kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo na husafiri hewani. Kifaa chenyewe hakikuwa na betri wala kioo. Kilikuwa kipande cha waya wa shaba kilichopindwa kuwa duara, na ncha zake zikaachiwa pengo jembamba mno.

Hertz alizaliwa Februari 22, 1857 katika mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani. Baba yake, Gustav Ferdinand Hertz, alikuwa wakili, na baadaye akawa seneta wa mji huo. Ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi, lakini Gustav alikuwa ameingizwa katika Ukristo wa Kilutheri tangu utotoni. Mama yake, Anna Elisabeth Pfefferkorn, alikuwa binti wa daktari. Jambo hili la ukoo halikumsumbua Heinrich alipokuwa hai. Lilikuja kuwaandama jamaa zake alipokuwa kaburini kwa takribani miaka 40.

Alikuwa mtoto wa vipawa vingi kiasi kwamba wazazi hawakujua wamwelekeze wapi. Alisoma Kigiriki, kisha akajifunza Kiarabu kwa bidii hivi kwamba mwalimu wake alimsihi baba mtu amwachie kijana huyo ajikite katika lugha za Mashariki. Papo hapo alikuwa fundi wa mikono. Alijifunza kukereza mbao na chuma kwenye kerezo, na nyumbani alijiundia ala zake mwenyewe za majaribio. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, fundi aliyemfunza kazi hiyo alipoelezwa kuwa mwanafunzi wake amekuwa profesa, alisikitika kwamba dunia ilikuwa imepoteza mkerezaji hodari. Fundi huyo alikosea, kwani kazi iliyompa Hertz jina isingewezekana bila mikono hiyo.

Mwanzoni alinuia kuwa mhandisi. Alifanya kazi Frankfurt, akasoma Dresden, akatumikia jeshi mwaka mmoja jijini Berlin, na mnamo 1877 akaenda Munich kuendelea na uhandisi. Huko akabadili nia. Alimwandikia baba yake akimwomba ruhusa ya kusomea sayansi asilia, na baba akaridhia. Mwaka uliofuata alikuwa Chuo Kikuu cha Berlin, chini ya Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanafizikia walioheshimiwa zaidi Ulaya wakati huo. Helmholtz alimtambua upesi. Hertz alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1880, akabaki kuwa msaidizi wa mwalimu wake hadi 1883.

Ili kuelewa uzito wa alichokuja kufanya, yafaa kutazama mzozo uliowagawanya wasomi wa enzi hiyo. Nchini Uingereza, Michael Faraday alikuwa amependekeza kwamba sumaku na umeme huathiri vitu vya mbali kwa sababu nafasi inayovizunguka imejaa nguvu, ambayo siku hizi huitwa uga. Mskoti James Clerk Maxwell akayageuza mawazo hayo kuwa hesabu. Hesabu zake, alizozichapisha katika miaka ya 1860, zilidokeza jambo la kustaajabisha: umeme ukitikiswa utazaa mawimbi yatakayosafiri kwa kasi ya mwanga, na mwanga wenyewe ni mawimbi ya aina hiyohiyo. Nchini Ujerumani wataalamu wengi walikuwa na nadharia zao na hawakushawishika. Maxwell alifariki mwaka wa 1879 bila ya yeyote kuwa ameyaona mawimbi hayo.

Mwaka huohuo Chuo cha Sayansi cha Berlin kilitangaza tuzo kwa atakayethibitisha sehemu ya nadharia ya Maxwell kwa majaribio. Helmholtz alitamani Hertz ajitose. Kijana huyo alipiga hesabu, akaona kwamba kwa zana zilizokuwapo athari iliyotafutwa ingekuwa ndogo mno, akakataa. Ni uamuzi ambao mwanafunzi mwenye pupa asingeufanya. Hata hivyo, swali halikumtoka kichwani.

Baada ya kufundisha Kiel, mahali ambapo hakuwa na maabara ya maana, aliteuliwa profesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe mwaka wa 1885. Hapo alimpata Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake, wakafunga ndoa Julai 1886. Hapo pia alikuta, miongoni mwa vifaa vya kufundishia, jozi ya koili bapa. Alipokuwa akiwaandalia wanafunzi somo aligundua kwamba umeme ukipitishwa ghafla katika koili moja, cheche hutokea kwenye pengo la koili ya pili ingawa haziunganishwi na chochote. Wengine walikuwa wameona vioja vya namna hiyo wakapita. Yeye alisimama.

Katika majira ya vuli ya mwaka huo alianza kazi rasmi. Kwa upande mmoja aliweka chombo cha kurusha: waya mnyoofu wenye pengo katikati, na kila mwisho ukiwa na tufe kubwa la zinki. Koili ya umeme ilirusha cheche katika pengo hilo, na kila cheche ikafanya umeme uende na kurudi kwenye waya mara mamilioni kwa sekunde. Kwa upande wa pili aliweka lile duara la shaba, lenye nusu kipenyo cha sentimita 35. Skrubu ndogo ilimwezesha kulipunguza pengo kidogo kidogo. Iwapo mawimbi yalikuwapo, yangeuamsha umeme ndani ya duara na cheche ingeruka.

Iliruka. Lakini urefu wake ulikuwa sehemu za mia za milimita, nayo ilidumu kufumba na kufumbua. Hertz alilazimika kufunga madirisha, kukaa gizani hadi macho yazoee, kisha kulisogeza duara hatua kwa hatua akiangalia ni wapi cheche inanenepa na ni wapi inafifia. Anayesoma tarakimu kwenye simu leo haonji taabu hiyo. Macho ya Hertz ndiyo yaliyokuwa kioo cha kipimo.

Katika harakati hizo alijikwaa na ugunduzi mwingine. Ili aione cheche vizuri zaidi alikifunika kifaa chake kwa kisanduku cheusi, na cheche ikapungua badala ya kuonekana wazi. Badala ya kukasirika alichunguza sababu kwa miezi kadhaa, akabaini kwamba miali ya urujuanimno kutoka kwenye cheche kubwa ndiyo iliyoisaidia cheche ndogo kuruka. Alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1887, akarudi kwenye shughuli yake. Maelezo ya kisa hicho yalisubiri hadi 1905, yalipotolewa na Albert Einstein, ambaye yalimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1921.

Kilele kilikuwa mwaka wa 1888. Hertz alihamia katika ukumbi wa mihadhara wenye urefu wa mita 15, akaondoa taa zilizoning'inia, na ukutani akatundika bamba la zinki lenye kimo cha mita nne. Alifikiri hivi: mawimbi yakigonga bamba yatarudi, nayo yanayorudi yatakutana na yanayokuja. Mahali pengine yatasaidiana, pengine yatauana. Akatembea na duara lake ukumbini. Kweli, palikuwa na sehemu ambapo cheche ilichangamka na sehemu ambapo ilizimika kabisa. Kutokana na umbali kati ya sehemu hizo alipata urefu wa wimbi, zaidi ya mita tisa. Kitu kisichoonekana, kisichosikika wala kunusika kilikuwa kimepimwa kama fundi apimavyo ubao.

Hakuishia hapo. Aliunda vioo vilivyopinda vya zinki, vyenye kimo cha mita mbili, akayakusanya mawimbi mafupi ya takribani sentimita 66, yasiyo mbali sana na yale ambayo leo hubeba matangazo ya runinga za dijitali. Akatengeneza mche wa lami wenye uzani wa zaidi ya kilo 500, akaonyesha kwamba mawimbi hayo hupinda yakipita ndani yake kama mwanga upindavyo katika kioo. Mjadala ulikuwa umekwisha. Maxwell alisema kweli.

Sifa zikaja kutoka kila pembe. Mwaka wa 1889 alihamia Chuo Kikuu cha Bonn, na mwaka uliofuata Chama cha Kifalme cha London kikamtunuku Medali ya Rumford. Mfaransa Henri Poincaré alipogundua kosa la hesabu katika mojawapo ya makala zake, Hertz alilikiri waziwazi katika kitabu chake cha mwaka wa 1892.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyu hakuona faida yoyote ya kibiashara katika mawimbi yake. Mwishoni mwa 1889 mhandisi mmoja wa Munich alimwandikia kumuuliza kama sauti za simu zingeweza kusafirishwa bila waya. Hertz alijibu kwamba mitikisiko ya sauti ni ya polepole mno. Mitikisiko 1,000 kwa sekunde huzaa wimbi lenye urefu wa kilomita 300, na vioo vya kuliongoza vingehitaji kuwa na ukubwa wa bara zima. Hesabu ilikuwa sahihi. Asichokidhania ni kwamba wimbi la haraka lingeweza kubebeshwa sauti mgongoni.

Hesabu hiyohiyo hueleza jambo ambalo wenye vifaa vya kupimia nyumba zao mara nyingi hawalijui. Umeme wa hertz 50 una wimbi la kilomita 6,000. Kwa hivyo, kinachonaswa karibu na jokofu si wimbi linalosafiri kama la redio, bali ni uga uliokumbatia nyaya na mota, ambao hudhoofika haraka mtu anapojitenga hatua chache. Wifi ni kisa kingine, kwa sababu hutikisika mara bilioni kadhaa kwa sekunde na hurusha mawimbi halisi. Mtu anayelinganisha tarakimu za vitu hivi viwili kana kwamba ni kitu kimoja anajitisha au anajifariji bure.

Hertz hakupewa muda wa kuyaona hayo. Kuanzia mwaka wa 1892 alishikwa na maumivu makali ya pua, masikio na taya. Alipasuliwa mara kadhaa bila kupona. Aliendelea kuandika kitabu chake cha mwisho, kuhusu misingi ya umakanika, na kufundisha hadi Desemba 1893. Mwezi huo aliwaandikia wazazi wake, waliokuwa hai bado, akiwaomba wasimlilie sana, kwani alijiona miongoni mwa wachache walioishi muda mfupi lakini wa kutosha. Alifariki jijini Bonn Januari 1, 1894, akazikwa Hamburg. Aliwaacha mkewe na mabinti wawili, Johanna na Mathilde. Mwaka huohuo kijana wa Kiitaliano, Guglielmo Marconi, alisoma taarifa kuhusu kazi za marehemu na wazo la telegrafu isiyo na waya likamjia. Kufikia 1901 ishara zake zilikuwa zimevuka bahari ya Atlantiki.

Jina la Hertz lilianza kutumiwa rasmi kimataifa kama kipimo mwaka wa 1930. Miaka mitatu baadaye Wanazi walitwaa mamlaka Ujerumani, na ule ukoo wa baba ukakumbukwa. Picha yake iliondolewa katika jumba la jiji la Hamburg. Philipp Lenard, aliyekuwa msaidizi wake Bonn na aliyesimamia uchapishaji wa maandishi yake, alikuwa sasa mstari wa mbele wa wanasayansi wa Kinazi. Hata likatolewa pendekezo kwamba kifupisho cha kipimo hicho, Hz, kibaki vivyo hivyo ila kisimamie jina la Helmholtz, yule mwalimu aliyempenda Hertz kama mwanawe. Pendekezo hilo halikufua dafu. Mwaka wa 1960 mkutano mkuu wa vipimo duniani uliidhinisha hertz.

Mathilde, ambaye alikuwa mtafiti wa tabia za wanyama jijini Berlin, alinyimwa kazi kwa sababu ya nasaba. Yeye, dada yake na mama yao walihamia Uingereza katika miaka hiyo ya 1930, wakaishi Cambridge. Elisabeth, mjane wa Hertz, alifariki huko mwaka wa 1941, wakati ambapo habari za vita zilikuwa zikiwafikia watu wa nchi hiyo kila jioni kwa redio.