Ernst Chain na Mzizi wa Penisilini

Mwanafunzi yeyote akiulizwa ni nani aliyeipa dunia penisilini, atamtaja Alexander Fleming bila kusita. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Fleming aliiona kuvu ikiangamiza bakteria mwaka 1928, akachapisha makala mwaka uliofuata, kisha jambo hilo likalala kwa takriban miaka kumi. Miongoni mwa waliolizindua alikuwa mkimbizi wa Kiyahudi, Ernst Boris Chain, ambaye walimu wetu aghalabu hawamtaji kabisa.

Chain alizaliwa Berlin, Juni 19, 1906. Alikuwa mpiga piano hodari, na nusura aifanye sanaa hiyo kuwa kazi yake. Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, alivuka kwenda Uingereza akiwa na pauni kumi tu. Mamake na dadake walibaki Ujerumani, wakaangamia katika mauaji ya Wayahudi.

Mwaka 1935 alijiunga na Howard Florey huko Oxford. Akipekua maandishi ya zamani, aliikuta makala ya Fleming. Mei 25, 1940, panya wanane walidungwa bakteria wa kuua, na wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipopambazuka, wanne hao walikuwa hai. Wenzao wote walikuwa wamekufa. Mwaka 1945 Chain, Florey na Fleming walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Hata hivyo, ubingwa wake, kwa maoni yangu, unaonekana zaidi katika suala la umbo. Yeye na Edward Abraham walishikilia kwamba ndani ya penisilini mna pete ya atomu nne. Robert Robinson, mkemia aliyeheshimika mno, alilipinga wazo hilo. Dorothy Hodgkin alikata shauri mwaka 1945 kwa kutumia eksirei: pete ilikuwapo.

Chain alihamia Roma mwaka 1948. Kampuni ya Beecham ya Uingereza ilipomwendea kutaka ushauri, aliielekeza itafute penisilini za aina mpya, akawapokea wanasayansi wake vijana katika maabara yake. Waliporejea kwao, mwaka 1957, kikapatikana kiini chenyewe: asidi ya 6-aminopenisilaniki. Sisi wa isimu hatuna taabu kukielewa kitu hiki. Ni mzizi. Kama vile -pig- inavyozaa piga, pigwa na pigana kwa kubadilishiwa viambishi, ndivyo kiini hiki kinavyozaa dawa mbalimbali kwa kupachikwa mkia tofauti. Kuvu hutoa mzizi ukiwa tayari na mkia wake. Sasa mkemia aliweza kujichagulia.

Hapo ndipo zilipotoka metisilini mwaka 1960 na ampisilini mwaka 1961, na baadaye amoksilini inayojulikana katika kila zahanati yetu. Metisilini ilikusudiwa kuvishinda vimelea vinavyotoa kimeng'enya cha kuvunja penisilini, kimeng'enya ambacho Chain na Abraham walikuwa wamekieleza tangu 1940, kabla dawa yenyewe haijaingia hospitalini. Lakini kufikia 1961 bakteria sugu kwa metisilini walikwisha kuripotiwa Uingereza.

Chain alirudi London kufundisha katika Chuo cha Imperial, akafariki Ayalandi, Agosti 12, 1979.