Ge Hong: Msee wa Kitambo Aliyeandika Dawa ya Malaria Unayomeza Leo

Kama unaishi Kakamega, unajua mvua ya huku haibishi hodi. Asubuhi jua linachoma, saa nane mchana wingu limeshuka juu ya msitu, saa tisa umejibanza kwa kibaraza cha duka la mtu ukingoja ipungue. Masika inaanza Machi. Ikishika kasi, madimbwi yanajaa, mbu wanazaana, na kila base stori inakuwa moja: viungo vinauma, kichwa kinagonga, usiku mtu anatetemeka kama simu iliyozimwa sauti.

Unaenda hosi, unadungwa kidole, wanacheki damu, unaambiwa ni malaria. Unapewa vidonge 24 vya njano. Vinne sasa hivi, vinne baada ya masaa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zaidi. Sista anakuambia hiyo ni AL. Mtaani tunaiita Coartem.

Sasa shika hii. Sehemu kubwa ya nguvu ya hiyo dawa ilianza na majani ambayo mzae mmoja wa Uchina aliyaandika kwa kitabu zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Hakuwa na maabara, hakuwa na darubini, na hakujua kama ni mbu analeta hiyo homa. Jina lake Ge Hong. Mjue vizuri, kwa sababu kuna kitu alifanya ambacho bado kinakuhusu kila mvua ikinyesha.

Mtoi wa kuni

Ge Hong alizaliwa mwaka 283 huko Jurong, mashariki mwa Uchina, karibu na mji unaoitwa Nanjing leo. Familia yao ilikuwa na jina. Babu yake alikuwa afisa mkubwa kwa utawala wa Wu, lakini utawala huo ulianguka mwaka 280, kabla hata yeye hajazaliwa. Baba yake akapata kazi kwa watawala wapya, kisha akafariki Ge Hong akiwa na miaka 13.

Kama umewahi kuona boma likisota ghafla baada ya mzae kuenda, huhitaji kuelezwa zaidi. Mtoi alishika jembe. Vitabu vya nyumbani kwao vilikuwa vimeangamia kwa vita, kwa hivyo alitembea mbali kuomba kusoma vya watu. Alikata kuni ndio apate karatasi na brashi ya kuandikia. Karatasi zilikuwa haba, akawa anaandika juu ya maandishi yake mwenyewe mpaka mtu mwingine hawezi kusoma. Usiku alisoma kwa mwanga wa moto.

Baadaye aliandika mwenyewe kuhusu maisha yake, na hajipaki rangi. Anajieleza kama msee wa nguo za viraka, mzito wa kuongea, mtu ambaye hakuwa na ile swagga ya kupata marafiki wakubwa. Michezo ya kubahatisha haikumwingia kabisa. Inasemekana hakujua hata bodi ya mchezo ina mistari mingapi. Imagine huyo msee ameketi leo na mbogi inayongoja jakpoti. Watu wa kwao walimbandika jina Baopuzi, yaani mwenye kukumbatia unyofu, na yeye akalichukua likawa jina la kitabu chake kikubwa.

Soja aliyehepa cheo

Mwaka 303 uasi ulizuka kusini mwa Uchina. Ge Hong, akiwa na miaka kama 20 hivi, akapewa mamia ya wanajeshi awaongoze. Vikosi vingine vilianza kupora mali na kutawanyika, vikashambuliwa ghafla. Kikosi chake kilikaa kwa mstari, kikaokoa wengine. Alipozawadiwa vitambaa, ambavyo wakati huo vilikuwa kama doh mkononi, aligawia wanajeshi wake na marafiki maskini. Iliyobaki alinunua nyama na pombe, wakala wote.

Angeweza kukaa apande cheo. Badala yake alivua magwanda akaanza safari ya Luoyang, mji mkuu, kutafuta vitabu adimu. Vita vikamzuia njiani. Rafiki yake Ji Han, aliyepewa kazi ya kutawala Guangzhou, akamwambia waende pamoja, na Ge Hong akatangulia.

Ndio, ni Guangzhou ileile ambapo wafanyabiashara wetu wanaenda kubeba nguo na simu. Ila enzi hizo ilikuwa pembeni mwa dunia yao: joto, unyevu, misitu na homa. Mwaka 306 Ji Han akauawa kabla hajafika. Ge Hong akajipata kwa nchi ya watu bila rafiki na bila kazi.

Huko kusini alijifunza kwa Bao Jing, afisa na msomi, ambaye alimpenda mpaka akampa binti yake. Huyo dame, Bao Gu, hakuwa wa kukaa tu nyuma ya jina la mumewe. Anakumbukwa kama mmoja wa wanawake wa kwanza wanaojulikana kwa udaktari Uchina. Kazi yake ilikuwa kuchoma majani makavu ya mmea fulani karibu na ngozi ili joto lifanye kazi, na hadi leo Guangzhou kuna hekalu lenye ukumbi wa kumkumbuka. Cheki hii: mmea wa bibi na mmea wa malaria wa bwana ni wa ukoo mmoja, ukoo wa Artemisia.

Kitabu cha mkononi

Ge Hong alikuwa amekusanya tiba kutoka vitabu vingi sana, akazijaza kwenye kazi kubwa ya mafungu 100. Lakini nani ocha atabeba mafungu 100? Na nani ako na pesa ya kununua mizizi ya bei ghali mtoto akiwa anachemka usiku?

Hapo ndipo alifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu kuliko vita vyake vyote. Alikata ile kazi ikawa fupi, mafungu matatu hivi, ya kubeba ndani ya mkono wa nguo, pale nyuma ya kiwiko. Jina la kitabu linasema hivyo tu: tiba za dharura za kuweka karibu na kiwiko. Alichagua mimea ambayo maskini anaipata kando ya ua ama barabarani. Badala ya kutaja sehemu za mwili kwa majina magumu ya wataalamu, alieleza kwa vipimo vya kawaida ili mtu yeyote afuate. Madaktari wa baadaye waliongeza mambo ndani, kwa hivyo kitabu kilichopo leo kina mikono mingi. Lakini wazo ni lake: mgonjwa asiye na doh pia anastahili maelezo anayoelewa.

Ndani kuna maelezo ya ugonjwa wa vipele unaofanana na ndui, kati ya ya zamani zaidi duniani. Kuna habari ya mdudu mdogo wa kusini anayeingia kwenye ngozi na kuleta homa. Na kuna sura nzima ya homa za kuja na kwenda, zile za leo unatetemeka, kesho uko fiti, kesho kutwa umelala tena. Hata wewe unaitambua hiyo.

Konzi moja ya majani

Kati ya tiba nyingi za hiyo sura, moja inataja qinghao, itamke chinghao. Maelezo ni mafupi kuliko ujumbe wa simu: chukua konzi moja, loweka kwa maji, kamua, kunywa juisi yote. Basi.

Kitabu kikapita mkono hadi mkono, karne baada ya karne. Tarehe 23 Mei 1967, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto na malaria ikimaliza wanajeshi msituni, serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri uliopewa namba 523. Mwaka 1969 mtafiti wa Beijing, Tu Youyou, akakabidhiwa kikosi. Hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, na hakuwa amesomea ng'ambo. Yeye na wenzake walipitia tiba za kienyeji zaidi ya 2,000 na kujaribu mimea kama 200. Qinghao ilifanya kazi siku moja, ikagoma siku nyingine.

Aliporudi kwa ile sentensi ya Ge Hong, kitu kikamgonga. Dawa nyingi za mitishamba zinachemshwa, lakini mzae alisema loweka na ukamue. Hakutaja moto. Labda joto lilikuwa linaua dawa. Tu akajaribu kutoa dawa kwenye majani kwa kimiminika kinachochemka kwa joto la chini sana, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwa panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaimeza wenyewe kwanza kuhakikisha haidhuru, kabla ya kuipa wagonjwa. Mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel.

Kenya ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2004, na kufikia 2006 AL ilikuwa inagawiwa hospitalini. Ile A inatoka kwa mmea wa Ge Hong. Ile L, lumefantrine, pia ilitengenezwa na watafiti wa Uchina. Mmea wenyewe umelimwa hata huku kwetu Kenya, Uganda na Tanzania.

Usimfuate kila mahali

Sasa kabla hujakimbia kutafuta majani, sikiza hii. Ge Hong huyohuyo aliamini kuna kidonge cha kumfanya mtu asife kamwe, na alikitafuta kwa kupika madini yenye zebaki. Zebaki ni sumu. Karne za baadaye, watawala kadhaa wa Uchina walikufa kwa kumeza vitu vya aina hiyo. Pia kitabu chake kinashauri ukiumwa na mbwa mwenye kichaa, upake ubongo wa huyo mbwa kwenye kidonda. Usijaribu! Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na ukimbie hosi upate chanjo.

Kwa hivyo dawa haiwi ya kweli kwa sababu ni ya kitambo. Qinghao ilipita kwa sababu ilipimwa. Hata kukhu akikuambia mwarubaini ulimsaidia, mheshimu, lakini homa ikija enda upimwe. Chai ya majani ya Artemisia yenyewe, Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia kwa malaria. Kiasi cha dawa ndani ya majani hakitabiriki, na kikiwa kidogo vimelea vinabaki hai.

Hapo ndipo noma ilipo. Uliza wazazi wako kuhusu klorokwini, ile ya kuwashwa mwili mzima usiku. Ilikuwa dawa poa mpaka vimelea vikaizoea, ikawa bure. Tayari watafiti wameona Rwanda na Uganda vimelea ambavyo dawa za jamii ya qinghao zinachelewa kuviua. Uganda ni hapo tu, ukipanda matatu ya Busia.

Unajua inavyoendaga. Siku ya pili homa imeshuka, uko fiti, mechi iko leo, vidonge nane vimebaki kwa droo. Unasema utaweka akiba ya mwezi ujao, ama umpe kakako akiumwa. Lakini mzae aliandika unywe juisi yote. Vidonge ni 24, meza 24, na umeze ukiwa umekula kitu chenye mafuta, hata kama ni maziwa ama chapo, ndio mwili uichukue vizuri. Mtoto hupewa kwa uzito wake, na mama mjamzito aende kliniki kwanza.

Mzae alivyojitunza

Ge Hong alipenda zaidi kuzuia kuliko kutibu. Ushauri wake wa kila siku ni rahisi: vaa kabla baridi haijakushika, kula kabla njaa haijakumaliza lakini usijaze tumbo, kunywa maji kabla kiu haijakuua, usikae sana. Msee wa Kakamega anaweza kuongeza yake: lala ndani ya neti kila usiku, mwaga maji yaliyosimama kwa makopo na matairi, ziba matundu ya neti kabla masika haijaanza, na ukiskia homa pimwa siku hiyohiyo.

Uzeeni aliomba kazi ndogo huko kusini kabisa, sababu tu kule kulikuwa na madini aliyotaka. Njiani gavana wa Guangzhou akamzuia, naye akapanda Mlima Luofu na kukaa huko akiandika mpaka mwisho. Wengi husema alifariki mwaka 343, akiwa na kama miaka 60. Hadithi inasema alikutwa ameketi kama mtu aliyelala, na waliobeba jeneza walilihisi jepesi kama lina nguo tupu.

Kidonge cha kutokufa hakukipata. Ila wiki hii, kuna mtoi amepimwa hapa Kakamega na akapewa dozi ya njano aende nayo nyumbani. Kama ni wa kwenu, hesabu vidonge na uhakikishe vimeisha.