Josh Gibson: Bingwa wa besiboli aliyetawazwa akiwa kaburini

MNAMO Mei 2024, wasimamizi wa ligi kuu za besiboli nchini Marekani walifanyia marekebisho vitabu vyao vya rekodi. Jina lililopanda hadi kileleni lilikuwa la mtu aliyefariki miaka 77 iliyotangulia, na ambaye hakuwahi kuruhusiwa kucheza hata mechi moja katika ligi hizo: Josh Gibson.

Gibson alizaliwa Desemba 21, 1911 katika mji wa Buena Vista, jimbo la Georgia. Babake alihamia Pittsburgh kufanya kazi katika viwanda vya chuma, na baadaye familia ikamfuata. Huko ndiko kijana huyo alikoanza kuvuma kwa nguvu za mikono yake.

Mnamo 1930, akiwa na umri wa miaka 18, alijiunga na timu ya Homestead Grays. Furaha hiyo iliingia doa mwaka uo huo mkewe, Helen, alipofariki akijifungua pacha. Watoto hao, mvulana na msichana, walilelewa na wazazi wa marehemu huku Gibson akizunguka nchini na timu.

Enzi hizo ubaguzi wa rangi ulikuwa umekita mizizi. Wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, wakalazimika kuwa na ligi zao wenyewe. Humo Gibson alikuwa mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ili kuudaka mpira. Hata hivyo, ni gongo lake lililowatia wapinzani kiwewe.

Januari 1943 alizirai, na madaktari wakagundua uvimbe kwenye ubongo wake. Alikataa kufanyiwa upasuaji, akarejea uwanjani. Msimu uo huo, licha ya kuandamwa na maumivu ya kichwa, alifikisha wastani wa 0.466. Maana yake ni kwamba katika kila majaribio 100 ya kupiga mpira, alifaulu takriban mara 47. Anayefaulu mara 30 huhesabiwa kuwa hodari.

Alifariki Januari 20, 1947 mjini Pittsburgh akiwa na umri wa miaka 35. Hata miezi mitatu haikuwa imetimia Jackie Robinson alipokivunja kizuizi cha rangi kwa kuichezea Brooklyn Dodgers, Aprili 15.

Gibson aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown mnamo 1972. Ajabu ni kwamba kaburi lake lilikaa bila jiwe la kumbukumbu hadi 1975.

Kwa miaka mingi, watafiti walipekua magazeti ya kale wakikusanya matokeo ya ligi za weusi. Ni juhudi hizo zilizowezesha takwimu za 1920 hadi 1948 kujumuishwa katika rekodi rasmi. Wastani wa Gibson wa 1943 uliupiku ule wa 0.440 uliowekwa na Hugh Duffy mnamo 1894, nao wastani wake wa maisha, 0.372, ukaupita wa Ty Cobb, 0.367.

Wapo wanaolalamika kwamba misimu ya ligi hizo ilikuwa na mechi chache mno. Lakini si Gibson aliyechagua pa kuchezea.