SITI BINTI SAAD NA SANTURI ZAKE



Katika shule zetu Siti binti Saad anajulikana zaidi kwa kusomwa kuliko kwa kusikilizwa. Wengi wetu tulimjua kwa kalamu ya Shaaban Robert, tukalikariri jina lake kwa ajili ya mtihani, tukaendelea na maisha. Lakini Siti hakuwa mwandishi. Hakupata kusoma wala kuandika. Yeye alikuwa sauti, na kwa sehemu kubwa sauti hiyo ilihifadhiwa katika vitu vinavyovunjika upesi. Makala haya yanaeleza maisha yake na habari za santuri hizo.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, nalo lilieleza hali ya nyumba aliyozaliwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba sheria ilipobadilika. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, baada ya kazi yake kumpandisha cheo machoni pa watu.

Wazazi wake walikuwa wakulima na wafinyanzi. Naye alijifunza kazi hiyo, akawa anachukua vyungu kwenda kuviuza, na huku akitembea aliimba kuwaita wanunuzi. Watu wakaanza kuitambua sauti kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alihamia mjini kutafuta maisha. Huko alikutana na mwanamuziki mmoja wa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ambaye alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, na pia kuimba kwa Kiarabu.

Hapana budi tukumbuke hali ya taarab ilivyokuwa. Ilikuwa imeingia Unguja kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, ikawa starehe ya jumba la Sultani na ya watu wenye nafasi, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Walioifaidi walikuwa wachache. Siti aliichukua muziki hiyo akaiimba kwa Kiswahili, mbele ya wachukuzi, wavuvi, wapishi na wanawake wa Ng'ambo, na bado akaitwa kuimba katika majumba ya wakubwa. Mtu aliyezaliwa na jina la Mtumwa alikaribishwa kwa heshima mahali ambapo jamaa zake wangeingia kwa mlango wa nyuma tu.

Si kwamba wote walifurahi. Wako waliomkejeli kwa asili yake, kwa umaskini aliotoka nao shamba, na hata kwa sura yake. Hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo, na wimbo ukaenea mjini kuliko kejeli zao.

Jambo ambalo mara nyingi husahauliwa ni kwamba Siti hakufanya kazi hii peke yake. Alikuwa na wenzake: Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban Umbaye, na Mbaruk Effandi Talsam aliyekuwa kipofu. Walikutana nyumbani kwa Siti, wakazungumza habari za mji, na katika mazungumzo hayo nyimbo zikatungwa. Huyu alileta maneno, yule mahadhi, mwingine akasahihisha beti. Ndiyo maana nyimbo zao zilikuwa kama gazeti kwa watu wasiojua kusoma. Mfano mmoja ni wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa. Muuaji alivuka bahari akaponyoka, huku wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliopatwa na adhabu. Katika utawala wa kikoloni haikuwa rahisi kwa mnyonge kupata haki katika jambo kama hilo. Wimbo ukaishitaki mahakama yenyewe mbele ya umma.

Mwezi wa Machi mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwenda Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni yenye nembo ya His Master's Voice, ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Siti alikuwa na umri wa miaka kama arobaini na minane. Yeye na wenzake ni miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kuuza sauti zao katika santuri, na kwa Kiswahili. Katika miaka michache iliyofuata walirekodi tena, hata jumla ya nyimbo za kundi lao ikapita 200. Subeit na Mbaruk nao waliimba nyimbo zao wenyewe. Santuri hizo zikapigwa katika migahawa na majumba ya pwani yote na hata bara.

Kurekodi kwa siku hizo kulikuwa na masharti magumu. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo wa taarab, ambao usiku wa shughuli huweza kurefushwa kadiri wasikilizaji wanavyotaka, ulilazimika kukatwa beti, au kugawanywa katika pande mbili. Aliyekosea hakuweza kurekebisha neno moja. Ilibidi wimbo uanzwe upya. Na santuri yenyewe ilitengenezwa kwa ute mgumu wa mdudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Sindano ya chuma iliila kila ilipopigwa, na ikianguka sakafuni ilivunjika kama sahani.

Hii ndiyo sababu santuri za Siti ni adimu leo. Hazikufichwa na mtu. Zilipendwa mno, zikapigwa mpaka zikaisha. Zilizosalia zimo katika hifadhi chache za sauti na mikononi mwa watu wanaozikusanya.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Karibu na mwisho wa maisha yake Shaaban Robert alikutana naye, akasikiliza habari zake kutoka kinywani mwake, akaandika wasifu uliochapishwa mwaka 1958. Kama asingefanya hivyo wakati ule, mengi niliyoyaeleza hapa yangezikwa pamoja naye. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na wengine, hasa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988, kililiita Sauti ya Siti.

Ndugu zangu, wengi wetu tunatoka katika nyumba zenye masanduku ya wazee ambayo hayajafunguliwa miaka mingi. Kabla ya kutupa santuri nzito nyeusi kwa kuwa hakuna tena mashine ya kuipiga, mtu na asome kibandiko chake, aifunge kwa kitambaa, aisimamishe wima mahali pakavu, kisha aipeleke kwa wanaojua kuihamisha sauti yake. Hata iliyopasuka isitupwe, kwa maana kibandiko peke yake huweza kutaja wimbo ambao haukuandikwa mahali pengine. Na ninyi vijana mnaojua kuandika, bibi na babu zenu bado wanakumbuka nyimbo. Kaeni nao mziandike.