Mwenyeheri Niels Stensen: Tabibu, Askofu na Mchunguzi wa Chanzo cha Uhai

Mwenyeheri Niels Stensen alizaliwa Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1638, katika familia ya sonara Mlutheri. Katika Chuo Kikuu cha mji huo alisomea utabibu, lakini hakujifungia katika fani moja: alizama pia katika hisabati, kemia na elimu ya madini.

Mwaka 1660, huko Amsterdam, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo, aligundua mrija unaopeleka mate kinywani kutoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio. Mwalimu aliyempa makazi alidai kwamba ugunduzi huo ulikuwa wake. Stensen alijitetea kwa hoja, na hadi leo mrija huo huitwa kwa jina lake. Huko Leiden alisoma pamoja na Jan Swammerdam, bingwa wa elimu ya wadudu, na Regnier de Graaf.

Enzi zile wengi walifuata mafundisho ya kale kwamba baba peke yake ndiye mwenye mbegu ya uhai, na mama hutoa tu mahali pa kuikuzia. Ovari za mwanamke ziliitwa korodani. Mwaka 1667, baada ya kumchunguza samaki wa jamii ya papa, Stensen aliandika kwamba viungo hivyo hubeba mayai. De Graaf aliendeleza utafiti huo mwaka 1672, na mwaka 1827 Karl Ernst von Baer akaliona yai lenyewe la mamalia. Jibu juu ya mwanamke lilianzia kwa samaki, kwa sababu mtafiti alithubutu kuvuka mipaka ya fani yake.

Mwaka huohuo wa 1667, huko Florence, Stensen alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1675, na miaka miwili baadaye akawekwa wakfu kuwa Askofu, akatumwa kaskazini mwa Ujerumani, walikoishi Wakatoliki wachache. Huko aliuza hata pete yake ya kiaskofu ili kuwasaidia maskini. Aliaga dunia Schwerin mwaka 1686, akiwa na umri wa miaka 48. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988.

Wapendwa waamini, tuwaombee vijana wetu wanaosomea elimu ya viinitete na tiba ya uzazi, ili wajifunze kwa unyofu kutoka katika kila fani, wakikumbuka kwamba wanachokichunguza ni mwanzo wa maisha ya mwanadamu.