Mfahamu Paul Mauser, fundi wa bunduki aliyepoteza jicho kazini

Ukikutana na bunduki kuukuu ya kuwindia, ile ambayo kila ukipiga lazima uvute komeo la chuma nyuma kwa mkono, kuna uwezekano mkubwa kwamba chuma chake ni kazi ya kichwa cha mtu mmoja: Paul Mauser, Mjerumani. Amekufa zaidi ya karne moja iliyopita, lakini mpaka leo mafundi wa bunduki wanamtaja kila mteja anapokuja na silaha ya babu akitaka kuibadilishia kifyatulio.

Swali la kwanza la fundi huwa ni hilohilo: hii ni Mauser ya lini? Maana jamaa hakutengeneza bunduki moja. Alitengeneza kadhaa, kila moja ikirekebisha kasoro za iliyotangulia. Ukikosea kuitambua, unanunua kifyatulio ambacho hakikai, au kibaya zaidi, unaipa risasi ambayo haiwezi kuihimili.

Mtoto wa 13

Mauser alizaliwa Juni 27, 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya Mto Neckar, kusini mwa Ujerumani ya leo. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto 13. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha silaha cha mfalme wa Württemberg, na watoto waliingia kazini mapema.

Mwaka 1859 akaingizwa jeshini, kikosi cha mizinga, akapangiwa ghala la silaha la Ludwigsburg. Kule alipata muda wa kuzichunguza bunduki za wakati ule, hasa ile ya sindano ya Dreyse iliyotumiwa na Waprusia. Ilikuwa inavujisha moshi na moto upande wa mpigaji. Kijana akaona anaweza kufanya vizuri zaidi.

Aliporudi nyumbani alishirikiana na kaka yake, Wilhelm, aliyemzidi miaka minne. Walikamilishana vizuri: Paul alikaa mezani na tupa, Wilhelm alizunguka kutafuta wateja. Mmarekani mmoja, Samuel Norris, aliwachukua hadi Liège, Ubelgiji, akiahidi kugharamia kazi yao. Mpango ukafa, ndugu wakarudi Oberndorf karibu mikono mitupu.

Halafu bahati ikageuka. Baada ya vita na Ufaransa, Ujerumani iliyoungana ilihitaji bunduki mpya, na mwaka 1871 ikachagua ya akina Mauser. Ilikuwa ya milimita 11, ya baruti nyeusi, inaingia risasi moja tu kwa wakati. Mwaka 1874 ndugu hao wakakinunua kiwanda kilekile ambacho baba yao alikuwa mwajiriwa.

Wilhelm hakufaidi sana. Alifariki mwaka 1882, na Paul akabaki peke yake.

Kifyatulio cha mtu mwenye hofu

Baada ya hapo Mauser akakimbizana na teknolojia. Baruti isiyo na moshi ilipoingia, akatoa bunduki ya Ubelgiji mwaka 1889, ya Hispania mwaka 1893, na nyingine za 1895 na 1896. Hiyo ya 1893 ilibeba risasi tano zilizofichwa kabisa ndani ya mbao. Mwaka 1898, kwenye vilima vya San Juan kule Cuba, Wahispania wachache wenye Mauser waliwatesa Wamarekani kiasi kwamba Marekani ilipotengeneza bunduki yake ya 1903, ilifuata sana mtindo wake. Ikaishia kumlipa dola 200,000.

Mwaka huohuo wa 1898 jeshi la Ujerumani likapokea ile maarufu zaidi, Gewehr 98. Hapa Mauser aliongeza jino la tatu kwenye komeo, ili mawili ya mbele yakivunjika komeo lisimrudie mpigaji usoni. Pia aliweka matundu ya kutolea gesi pembeni endapo ganda la risasi litapasuka.

Na kifyatulio? Hicho ndicho wawindaji wanakilalamikia. Ukikivuta, kinakuja kilaini kwanza kwa mwendo mrefu, halafu kinagonga kama ukuta, halafu ndiyo bunduki inalia. Mtu aliyezoea bunduki za kisasa anadhani kimeharibika. Hakijaharibika. Kilitengenezwa kwa ajili ya askari anayekimbia kwenye matope, mikono inatetemeka, na bunduki imekokiwa. Vipande viwili vya chuma vinavyoshikana ndani vimepishana sana makusudi, na ule mvuto wa kwanza ndio unaovisogeza karibu na kuachiana. Ukiidondosha, haipigi.

Mtu aliyefikiria usalama wa mwenzake kiasi hicho aliumizwa na kazi yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, akijaribu bunduki ya kujipakia yenyewe, silaha ilimlipukia na akapoteza jicho. Aliendelea kufanya kazi. Katika miaka hiyohiyo alikuwa pia mbunge katika Bunge la Ujerumani.

Ilivyofika kwetu

Mauser alifariki Mei 29, 1914, akiwa na umri wa miaka 75. Miezi miwili baadaye Vita Kuu ikaanza, na ikafika hadi Tanga. Novemba mwaka huo askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanabeba ile ya 1871. Kila wakipiga, wingu la moshi linaonyesha walipo. Walishinda hata hivyo, wakaokota mamia ya bunduki za Waingereza.

Kwa wawindaji hadithi ilikuwa tofauti. Walter Bell, Mskochi aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 iliyoundwa na Rigby wa London juu ya chuma cha Mauser. Ukiisoma leo haipendezi, lakini ilieneza jina la bunduki hiyo.

Hizo za Rigby zilitoka dukani zikiwa za kuwindia. Nyingi zinazokutwa leo ni za jeshi zilizokatwa. Baada ya vita zote mbili zilibaki Mauser tele na za bei rahisi, mafundi wakapunguza mbao, wakakunja mkono wa komeo ushuke chini, wakatoboa matundu ya darubini. Wengine wakafuta kabisa nembo na mwaka. Hapo ndipo utambuzi unakuwa kazi.

Kabla ya yote hakikisha chemba ni tupu. Kisha inua mkono wa komeo. Kama inajikoki pale unapoinua, hiyo inaelekea kuwa ya 98. Kama inajikoki unaposukuma komeo mbele, ni ya ukoo wa 1893 hadi 1896. Toa komeo uhesabu meno: 98 ina matatu, la tatu liko nyuma karibu na mkono. Wengi hupima pia upana wa pete ya chuma ambapo mtutu unaingilia, takriban milimita 36 kwa 98 na 33 kwa zile za kabla. Mimi nisingetegemea kipimo hicho peke yake, kwa sababu zipo 98 fupi zenye pete ndogo.

Jibu la hapo ndilo linaamua kifyatulio. Watengenezaji huuza cha 98 mbali na cha 1893 hadi 1896, na haviingiliani. Linaamua pia risasi: chuma cha zamani chenye meno mawili hakifai kwa risasi za kisasa zenye nguvu nyingi, hata kama fundi wa zamani aliufunga mtutu wake.

Ukishajua, usivutiwe na kifyatulio chepesi kupita kiasi. Kwa porini, mvuto wa karibu kilo moja na nusu unatosha. Angalia na kitu kingine: vifyatulio vingi vya dukani huja na kizuizi cha usalama cha pembeni, kwa kuwa kile bawa cha asili kinagonga darubini. Tatizo ni kwamba vingi hufunga kifyatulio tu, wakati cha Mauser kilikamata pini yenyewe inayogonga risasi. Kuna bawa fupi linalopita chini ya darubini na bado linakamata pini. Ningechagua hilo.

Na usikubali fundi apige tupa vipande vya zamani ili kuvilainisha. Ugumu wao uko juu juu tu kama ganda. Ukishakwangua, vinakwisha haraka, na siku moja bunduki inajipigia. Kikishafungwa kipya, koki bunduki ikiwa tupu, gonga kitako sakafuni mara kadhaa, funga na ufungue komeo kwa nguvu. Ikijiachia hata mara moja, irudi kwa fundi.

Kile cha zamani kiviringishe kwenye kitambaa chenye mafuta ukihifadhi. Atakayeinunua baadaye atakiulizia.